Maswali ya Wageni wa Harusi Jambiani: Utembee Wapi, Ule Nini, na Maji Yatakuwa Wapi

Mimi ndiye dada mkubwa wa bibi harusi, na simu yangu ndiyo inayopokea maswali yenu. Ratiba ya sherehe mnayo kwenye kadi: Alhamisi usiku hina ya wanawake, Ijumaa nikaha baada ya sala ya alasiri, Jumamosi karamu ya walima ufukweni. Hapa nazungumzia saa zilizobaki, maana wengi wenu mnafika tangu Jumatano na sitaki mtu alale hotelini siku tatu akisubiri pilau.

Mbona kila ukiulizwa kitu unaanza na maji?

Kwa sababu Jambiani iko pwani ya mashariki ya Unguja, na huku bahari ina tabia zake. Ufuko ni tambarare, mwamba uko mbali. Maji yakijaa, unaogelea mbele ya mlango. Yakikupwa, bahari inaondoka kabisa: unabaki mchanga mweupe, vidimbwi, na ngalawa zilizolala ubavu. Mwaka jana binamu yetu wa Mwanza aliamka, akafungua dirisha, akanipigia simu kuuliza bahari imekwenda wapi.

Hesabu yake si ngumu. Maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, ambapo tofauti kati ya kujaa na kukupwa hufika kama mita 4. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji sana. Harusi yetu imeangukia mwezi mpevu. Kwa hiyo asubuhi, mnamo saa nne, maji yatakuwa yamekauka, na jioni mnamo saa kumi yatakuwa yamejaa pomoni. Walima ikaandikwa saa kumi na nusu. Si bahati nasibu. Bwana harusi alikuja na jedwali la maji kabla hata hajaja na posa.

Basi shikeni hili moja: asubuhi tembea, alasiri ogelea. Ukigeuza, utalalamika.

Nikiamka nikakuta bahari haipo, nifanye nini?

Ndiyo saa nzuri kuliko zote, na wageni wengi huipoteza kwa usingizi. Teremka ufukweni saa mbili u nusu hivi, maji yakiwa yanarudi nyuma. Utaona kina mama wanaelekea mashambani, shamba lenyewe likiwa ndani ya bahari: vijiti vimekitwa mchangani kwa safu, kamba zimevutwa baina yake, na kila baada ya kiasi cha shubiri kumefungwa kishada cha mwani. Kilimo hiki kilianza huku mwaka 1989. Mwani ukishaanikwa husafirishwa nje, na utomvu wake unaishia kwenye dawa za meno na aiskrimu. Pale kijiji jirani cha Paje kuna kina mama wanaoutengeneza sabuni na mafuta, na unaweza kwenda kuwatazama wakipika na kukata vipande.

Adabu zake: pita kati ya safu, usikanyage kamba. Toa salamu kwanza, piga picha baadaye, na uombe. Mtu ameinama kiunoni mwa maji tangu asubuhi, usimfanye mandhari.

Vaa viatu. Kandambili hazitoshi, kwani vile vidude vyeusi vyenye miiba vinakaa kwenye nyasi za baharini na mwiba wake hukatikia ndani. Na ukiona vijito vya mchangani vimeanza kujaa, rudi. Maji hayaji kwa mbele tu, yanakuzunguka kwa nyuma kupitia sehemu za chini, na mtu aliyezama katika simu hashtuki mpaka yafike magotini.

Mji Mkongwe twende siku gani?

Jumatano au Alhamisi. Msiende Ijumaa: kuanzia saa sita hivi maduka mengi yanafungwa kwa ajili ya sala, na alasiri mnatakiwa kwenye nikaha. Kutoka Jambiani mpaka mjini ni zaidi ya saa moja kwa gari.

Kama mna siku moja, anzeni Mkunazini, kabla jua halijawa kali. Hapo ndipo palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 baada ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, kutia saini mkataba na Waingereza. Mwaka huohuo ukaanza ujenzi wa kanisa la Anglikana juu ya uwanja ule, chini ya Askofu Edward Steere, ambaye wapenda lugha wanamjua pia kwa kazi zake za sarufi ya Kiswahili. Nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo wakiwa shimoni, zilizowekwa mwaka 1998. Watu huja na kelele za safari, wakifika pale wananyamaza. Nendeni hapo mkiwa na utulivu, si mwisho wa siku mkiwa na mifuko ya manunuzi.

Kutoka Mkunazini ni hatua chache kufika soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904. Upande wa samaki, pitieni asubuhi tu. Kisha ingieni vichochoroni na mpotee. Nasema kwa makusudi, kwa kuwa Mji Mkongwe haujulikani kwa ramani, na ukipotea sana utatokea ama baharini ama barabara ya Darajani. Tazameni milango. Ile yenye tao juu na vifundo vya shaba ina asili ya Kihindi, ile ya mraba yenye nakshi za maandishi juu yake ni ya Kiarabu. Nenda taratibu, uguse mbao.

Alasiri, kaeni barazani pale Jaws Corner, mnywe kahawa chungu kwenye vikombe vidogo na kashata. Kuna wazee wa bao na mabishano ya siasa ambayo hayajaisha tangu niko shule. Kuna pia simu imetundikwa ukutani na tangazo kwamba kupiga nje ya nchi ni bure. Wageni hujaribu.

Beit el Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, hesabuni kuliona kutoka nje. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Forodhani pana chakula kizuri, au ni pa picha tu?

Vyote viwili, ukijua namna ya kula katika bustani hiyo ya Mji Mkongwe. Meza zinapangwa kuanzia magharibi, moshi unapanda, na vijana wenye kofia nyeupe ndefu wanakuita kwa lugha tano. Kabla ya kuagiza, zunguka bustani nzima mara moja bila kununua. Utaona meza ipi ina watu wa mjini wamesimama, na hiyo ndiyo meza yako.

Mimi sili mishikaki ya samaki na kamba wa Forodhani. Wapo wanaopika vizuri, lakini ile ya kupangwa mezani huchomwa kidogo jioni na kupashwa tena mteja akija, nawe huwezi kujua imekaa tangu saa ngapi. Kula vitu vinavyopikwa mbele yako kutoka ubichi. Piza ya Zanzibar, kwa mfano: donge la unga linavutwa mpaka linapitisha mwanga, linatiwa nyama ya kusaga, kitunguu, yai na jibini, linakunjwa kama bahasha, linatupwa kwenye chuma cha moto. Si piza hata kidogo, na usimwambie anayeipika. Teremshia na juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi.

Uliza bei kabla ya kila sahani, si mwisho. Mjomba mmoja aliwahi kula kwanza akauliza baadaye, ikabidi tuchangishane.

Urojo ni nini khasa? Naambiwa siwezi kuondoka bila kuunywa.

Ni supu ya rangi ya manjano, nzito kidogo, yenye ukali wa embe bichi au ndimu, ndani yake kukawekwa mbatata, bajia, kachori, kipande cha mshikaki, yai, juu yake chipsi nyembamba za muhogo, chatne ya nazi na pilipili. Kwenye menyu za hoteli wanauita kwa Kiingereza, kwa jina linalomaanisha mchanganyiko wa Zanzibar. Hotelini msiunywe. Urojo ni wa kwenye baraza, kwenye bakuli la plastiki, ukiwa umekaa kwenye benchi na jasho linakutoka. Mwuzaji atakuuliza kuhusu pilipili. Sema "kidogo" hata kama kwenu unajulikana kwa pilipili.

Nyakati zake ni alasiri. Ukichelewa, kachori zimekwisha, na urojo bila kachori ni supu tu.

Na Jambiani kwenyewe tule wapi?

Hoteli zote mlizopangiwa zina jiko. Ila kijijini kuna vibanda na migahawa midogo ya kina mama inayopika pweza wa nazi, samaki wa kupaka, wali wa nazi na mchicha, na chakula chao kinazidi cha hoteli kwa mbali. Siri ni moja: agiza mapema. Pita asubuhi unaporudi ufukweni, sema mko wangapi, mtakula saa ngapi. Samaki anatafutwa, nazi inakunwa, ndipo unaletewa. Sisi tulikwenda kwenye mgahawa mmoja (jina nalihifadhi) watu kumi na wawili, usiku, bila taarifa. Tulisubiri chakula kwa muda wa saa mbili na robo. Watoto walilala juu ya meza. Kosa lilikuwa letu zaidi kuliko lao.

Asubuhi, usile chakula cha hoteli siku zote. Tafuta vitumbua na chai ya tangawizi kwa jirani. Ukisikia harufu ya mafuta na tui saa kumi na mbili asubuhi, ifuate.

Sili nyama. Nitashiba?

Utashiba, ukijua kusema. Huku ukisema "sili nyama" wengi wataelewa huli ng'ombe na mbuzi, na utaletewa kuku kwa moyo mkunjufu. Ukikataa kuku utaletewa samaki. Taja vyote: "sili nyama, wala kuku, wala samaki." Kisha omba maharage ya nazi, mchicha wa nazi, bamia, mbatata, ndizi, muhogo. Urojo unaweza kutiwa bila mshikaki na yai. Mwenye mzio wa karanga, nazi au wanyama wa baharini anitumie ujumbe kabla ya Jumatano, kwani nazi imo karibu katika kila sufuria, na kwenye walima mpishi anahitaji kutenga chungu.

Msitu wa Jozani unafaa safari nzima?

Hauhitaji safari yake. Uko kando ya barabara ya kutoka mjini kuja huku, kwa hiyo simama hapo siku unayofika, au ukiwa njiani kwenda mjini. Saa moja na nusu inatosha. Utatembezwa na mwongozaji msituni, kisha kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko.

Unaowafuata ni kima punju, wenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kama mtu aliyeamka vibaya. Porini hawapatikani nje ya Zanzibar. Watazame mikono: wana vidole vinne, gumba limebaki kishina. Na ukibahatika utawaona wanakula mkaa. Ndiyo, mkaa wa jikoni. Majani ya mwembe na ya mkungu wanayoyapenda yana sumu kiasi, na mkaa huifyonza. Wameokota dawa hiyo kwenye mashimo ya wachoma mkaa na wanafundishana mama na mtoto. Usiwape chakula, usiwasogelee kupiga picha ya pamoja, na mwambie dereva apunguze mwendo kwenye matuta. Yamewekwa kwa ajili yao.

Kizimkazi kuona pomboo, tuende?

Nendeni kwa ajili ya msikiti. Pale Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, kwenye kibla, yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Jengo la leo kwa sehemu kubwa ni la karne za baadaye, lakini yale mawe yaliyochongwa ni miongoni mwa ushahidi wa zamani kabisa wa Uislamu katika pwani hii. Mlinzi atakufungulia, vua viatu, funika kichwa, weka sadaka kidogo.

Pomboo ni habari nyingine. Boti nyingi huwafukuza kwa injini na kurusha watu majini juu yao. Kama mtakwenda, tafuteni nahodha anayekubali kuzima injini na kukaa mbali, na mtoke alfajiri. Msipompata, acheni.

Ule mgahawa ulio juu ya jiwe katikati ya bahari?

Uko Michamvi Pingwe, kaskazini mwa Jambiani, zaidi ya nusu saa kwa gari. Weka nafasi siku nyingi kabla. Na tena maji: yakikupwa unaufikia kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa mashua. Katika bamvua letu, ukienda kula mchana utaingia umekauka na kutoka kwa mashua. Ghali, ila mandhari imestahili. Chakula cha mama wa kijijini bado nakipenda zaidi.

Tuna watoto na wazee. Kipi kitawafaa?

Kisiwa cha Changuu, kama nusu saa kwa boti kutoka mjini. Kuna kobe wakubwa, kizazi cha walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na umri wa wengine umeandikwa kwa rangi kwenye gamba. Watoto hupenda kusoma kobe yupi amemshinda bibi. Kupanda na kushuka botini kunahitaji kukanyaga maji, kwa hiyo mwenye magoti mabaya abaki mjini.

Kwa wazee nashauri mashamba ya viungo ya Kizimbani au Kidichi. Ni kivuli, ni kutembea polepole, na kuna kukaa. Mwongozaji anakata gome, anakupa unuse, unataja: mdalasini. Anapasua kungumanga, ndani kuna utando mwekundu kama nyuzi za hariri. Mama yangu, ambaye amepika kwa viungo miaka hamsini, alikuwa hajawahi kuona pilipili manga ikiwa bado mtini. Aliishika kishada kizima akacheka.

Hina nipake lini, nami nataka kuogelea?

Ogelea Alhamisi mchana, hina Alhamisi usiku. Hina ya majani inataka saa kadhaa kukauka na usiku mzima bila maji ndipo rangi ishike. Wapo ufukweni watakaokutaka kukuchora kwa piko nyeusi ya haraka. Kataa, khasa kwa watoto: nyingi ina kemikali za rangi ya nywele zinazoweza kuunguza ngozi na kuacha kovu. Yetu itapakwa nyumbani na mpakaji tunayemjua.

Nivae nini nikitembea?

Ufukweni mbele ya hoteli, nguo za kuogelea hazina neno. Ukivuka kuingia kijijini au mjini, mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia msitembee vifua wazi. Kanga moja kwenye mkoba inamaliza tatizo. Pombe inapatikana hotelini. Usitembee na chupa barabarani.

Usafiri, vitambulisho, fedha?

Mtanzania abebe kitambulisho. Mgeni wa nje abebe pasi mkononi hata akitokea Dar es Salaam kwa boti, kwani hukaguliwa akifika bandarini. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano aje na kadi ya chanjo. Wageni wa nje wanatakiwa bima ya lazima ya Zanzibar, iliyoanza 1 Oktoba 2024 kwa dola 44 kwa mtu mzima. Ilipeni mtandaoni kabla ya safari.

Daladala ya Jambiani ni namba 309. Ni raha ya mchana. Jioni zinakatika mapema, kwa hiyo mtakaokula Forodhani mpange gari la kurudi. Mashine za kutolea fedha ziko mjini kwa wingi na huku kwa uchache, toeni shilingi kabla ya kuja. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, imepigwa marufuku.

Mkiwa mjini mtafuatwa na papasi, vijana wa "rafiki, nikupeleke". "Asante, mimi mwenyeji" kwa Kiswahili safi, bila kusimama, inatosha.

Zawadi gani niwabebee walio nyumbani?

Halua iliyofungwa kwenye kikapu kidogo cha ukindu, viungo kutoka shambani badala ya vile vya kwenye pakiti za watalii, na kanga. Kanga nunueni mtaa wa Mchangani, nyuma ya Darajani, kwa doti. Ila soma jina lake kabla ya kulipa. Shangazi mmoja upande wa bwana harusi alipenda rangi, akamnunulia mkwewe doti ya zambarau nzuri sana. Imeandikwa "Hasidi hana sababu". Jumamosi wote wawili watakuwa kwenye walima, na nimewapanga meza tofauti.